Rangi Sita na Mbuzi wa Mzee

Mwaka wa 2012 nilikuwa na mikebe sita ya rangi, na kwa hiyo lugha niliyokuwa nikiitunga ilikuwa na maneno sita ya rangi. Nyeusi, nyeupe, nyekundu, manjano, buluu, kijani. Sikuona sababu ya kuongeza. Kila kibao cha kinyozi na kila ukuta wa hoteli niliopaka Lodwar ulitoka kwenye mikebe hiyo sita, na rangi niliyoikosa niliichanganya kwa kijiti juu ya kifuniko cha ndoo.

Ulikuwa mwaka ambao habari za mafuta yaliyogunduliwa Turkana zilikuwa katika kila mdomo. Mtu mwenye chumba kimoja cha kukodisha alitaka kibao kikubwa kilichoandikwa hoteli, na jirani yake akataka kikubwa zaidi. Nilikuwa nimefika kutoka Kitale juu ya magunia ya mahindi, nikiwa na brashi nne na daftari, nikakusudia kukaa mwezi mmoja. Kazi zikawa zinafuatana, nikakaa.

Daftari ndilo lililokuwa na lugha. Nilianza kuitunga nikiwa darasa la saba, mwaka uleule nilioacha shule. Sikuacha kwa kushindwa na masomo. Lori lilisimama karibu na shule, lilikuwa na nafasi, na nilitaka kujua linakokwenda. Tangu hapo sijakaa mahali zaidi ya miaka miwili, na kitu ambacho nimehama nacho kila mara ni daftari, ingawa si lilelile. Likijaa nanunua jingine na kuyahamishia maneno yote humo kwa mkono. Sikuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha hiyo. Watu wakiniuliza ina kazi gani niliwajibu kwamba ni kama kufuga njiwa, na wengi waliridhika na jibu hilo.

Kufikia Lodwar nilikuwa na salamu, hesabu mpaka mia, viungo vya mwili, upepo wa aina nne na jamaa wote wa upande wa mama. Rangi nilikuwa nimeziahirisha. Kiswahili nilichokua nacho kina nyeusi, nyeupe na nyekundu, ambazo zinasimama zenyewe. Nyingine zimeazima majina kwa vitu: kijani kwa majani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, manjano kwa kile kiungo cha pilau. Nilitaka lugha yangu isiazime kitu kwa mtu wala kwa kitu. Kila neno liwe nimelitunga mimi.

Kwa hiyo nilitumia juma zima kuangalia jinsi rangi zinavyofanya kazi ukutani. Nyeusi inafunika mara moja tu na haihitaji msaada, nikaiita doku. Nyeupe unaipaka mara tatu na bado ukuta unachungulia, nikaipa neno laini, fewi. Nyekundu ilikuwa inakauka kwenye brashi kabla sijamaliza herufi moja kwa lile joto la saa sita, na ikikwaruzwa inalia. Hiyo ikawa rata. Manjano ikawa lemo na buluu ikawa suvi. Kijani sikuipenda, nikaipa neno lililobaki, gaho.

Halafu nikakwama kwenye punda milia. Nilikwama siku mbili. Kama nina maneno sita tu, punda milia ni wa rangi gani? Nilitafuta picha yake kwenye kitabu cha watoto cha shule nikahesabu mistari, na kwa kuwa mweusi ulikuwa mpana kidogo, nikaandika doku. Hapo ndipo nilipotunga kanuni, nikaiandika juu ya ukurasa wa rangi na kuipigia mstari: kitu kimoja, rangi moja, kikiwa na mbili, kipewe iliyo kubwa. Niliiona kanuni nzuri sana. Ilinipunguzia kazi.

Mwishoni mwa mwaka huo niliweka nadhiri. Nilikuwa nimesikia kwamba lugha isiyotumika inakufa, nikaamua kwamba kwa mwaka mzima sitaandika kitu chochote kwa lugha nyingine isipokuwa maneno ya wateja kwenye vibao. Vipimo vya kuta, vitu vya kununua, nilikotakiwa kwenda na siku gani, vyote kwa lugha yangu. Nilipokosa neno nilizunguka. Nilipoweza kufupisha nilifupisha.

Nilikuwa nimepanga chumba Kanamkemer, mtaa mmoja wa Lodwar, kwenye ua wa mama mmoja Mturkana aliyeuza tumbaku na sukari kupitia dirisha la nyumba yake. Alikuwa mama wa maneno machache, na macho yake yalikuwa yanamaliza kazi kabla ya mdomo. Mume wake aliishi upande wa Nakalale na mifugo, na sikuwahi kumwona mpaka mwanzoni mwa 2013, alipoletwa kwa lori akiwa amevimba miguu. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye kigoda kidogo cha mbao ambacho hakukiachilia hata akiwa amelala.

Hospitali ilimpa dawa, akazinywa, uvimbe ukaisha. Lakini hakula. Alikunywa maziwa asubuhi na chai jioni, sahani alizisukuma. Mama alimwambia kwamba miguu imepona. Mzee akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza kuhusu miguu.

Wakamwita mwaguzi, mtu wa huko kwao, ambaye alirusha viatu vyake vya ngozi chini na kuangalia jinsi vilivyolala. Aliyoyasema nilielezwa na mama baadaye dirishani. Mzee katika ujana wake alikuwa na dume la ng'ombe alilolipenda, na wanaume wa rika lake walimwita yeye kwa rangi ya dume hilo, yaani jina la rangi ya ng'ombe likawa jina la mtu. Ng'ombe huyo alikufa kwenye ukame, miaka mingi iliyopita, na mzee hakumchinja wala hakumzika. Alimwacha njiani akaendelea na wengine waliokuwa bado wanatembea. Sasa, alisema mwaguzi, mzee apakwe majani ya tumboni mwa mbuzi aliyevaa ngozi kama ya ng'ombe yule, rangi kwa rangi, kabla mwezi haujapotea. Akipakwa atakula.

Sikuwa na maoni. Nilichoona ni kwamba mwili wake ulikuwa unapungua kila juma, na kwamba mama alikuwa ameacha kufunga dirisha mchana ili aweze kumsikia.

Siku moja kabla ya kwenda Kakuma, ambako nilikuwa nimepata kazi ya kupaka maduka kwenye kambi ya wakimbizi, mama aliniita.

"Fundi, wewe kazi yako ni rangi, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi tafutia mzee mbuzi huko. Dume. Hapa soko nimezunguka, yake hakuna. Pesa nitakupa."

"Wa rangi gani?"

"Ngoja aseme mwenyewe."

Mzee alikuwa amekaa juu ya ngozi, mgongo ukutani. Alizungumza Kiturkana kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia, na mikono yake ikafuata maneno. Alijigusa utosini, shingoni, begani, akakomea chini ya kwapa. Akaweka viganja viwili kwenye mbavu akavizungusha mpaka mgongoni. Kisha akashika nyonga na kushuka mpaka magotini.

"Nyeusi hapa mbele mpaka hapa," mama akanifasiria. "Hapa katikati nyeupe, inazunguka yote. Huku nyuma nyeusi tena. Na mpaka wake iwe mpaka, isichanganye."

Nilikuwa nimechuchumaa, daftari juu ya goti. Nikapima kichwani: nyeusi mbele, nyeusi nyuma, nyeupe katikati. Nyeusi ilikuwa kubwa. Nikaandika.

"Umeandika yote?"

"Yote."

Mama akainama akaangalia ukurasa. Kulikuwa na maneno mawili.

"Hiyo ndiyo yote?"

"Lugha yangu ni fupi, mama."

Kakuma nilikaa siku kumi na moja. Nilipaka duka la kuchajia simu, duka la nguo za mitumba, na duka la mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini aliyeuza sabuni, sukari na shuka, mtu mwenye mistari ya kabila lake kwenye paji la uso na mzaha usioisha. Alitaka ukuta wa mbele uwe buluu na wa pembeni uwe mweupe mtupu, bila maandishi. Nilimuuliza ule mweupe ni wa nini, akasema bado anafikiria. Kambini kila hatua ishirini nilisikia lugha nyingine: Kisomali, Kiarabu cha Juba, Kifaransa, Kiswahili cha Kongo ambacho kilikuwa kikinifanya nisimame kusikiliza mpaka wenye maduka wanauliza kama nimepotea. Nilijaza kurasa kumi na sita. Kichwa changu kilikuwa kimejaa.

Siku ya mwisho nilifungua daftari nikasoma nilichotakiwa kununua. Mbuzi dume, doku. Nilikumbuka kwamba mzee alijigusa mwili mzima wakati wa kueleza, na nilikumbuka kwa uhakika kabisa kwamba alikuwa akituonyesha anapoumwa. Mtu anayehama sana hujizoeza kuamini daftari kuliko kichwa. Nilikwenda sokoni nikachagua kwa makini, nikakataa mbuzi watatu kwa sababu ya madoa madogo, na nikampata mmoja mweusi tii, asiye na unywele mweupe hata mmoja. Nilimkagua mpaka ndani ya masikio.

Mama alikuwa dirishani niliposhuka kwenye lori na kuingia uani.

"Ejok," nikamsalimu.

"Ejok. Hii ni nini?"

"Ni mbuzi wa mzee."

"Mbuzi naona." Akatoka nje, akamzunguka mbuzi mara moja, polepole. "Hii nyeusi yote ni ya kuombea mvua. Mimi nilikutuma mvua?"

"Imeandikwa hapa, mama."

"Wapi?"

"Hapa. Doku."

"Doku ni nini?"

"Nyeusi."

"Na ile nyeupe yote mzee alisema, uliweka wapi?"

Nikakumbuka. Yalirudi yote mara moja, viganja kwenye mbavu, maneno ya mama kwamba inazunguka yote na mpaka uwe mpaka. Nikamweleza kanuni. Nilimweleza hata habari ya punda milia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika kamba ya mbuzi.

"Sasa hiyo kanuni," akasema, "ndiyo mzee atakula?"

Mzee alikuwa amesikia mbuzi akilia. Alijivuta mpaka mlangoni kwa kigoda chake, akamtazama, kisha akanitazama mimi. Alirudi ndani akalala ameelekea ukutani. Siku zile zote nikiwa Kakuma alikuwa akinywa maziwa mara tatu kwa siku, mama aliniambia, kwa sababu alikuwa anangoja. Jioni hiyo alikataa maziwa. Asubuhi alikataa pia.

Mwezi ulikuwa umebakisha siku nne. Nilichukua mbuzi, daftari na mikebe yangu, nikarudi barabarani kutafuta lori la Kakuma. Lililosimama lilikuwa lilelile lililonileta. Dereva alimwangalia mbuzi, akaniangalia.

"Fundi, huyu unamtembeza aone nchi?"

Nilimwambia ndiyo.

Nilikwenda moja kwa moja kwa yule mfanyabiashara wa Sudan Kusini, kwa sababu ndiye aliyekuwa akizungumza na kila mtu. Alikuwa anampimia mteja sukari, mwanamume wa kwao, mrefu kama yeye.

"Umerudi," akasema. "Na umeleta mgeni."

"Nilikosea rangi."

"Nani alikosea?"

"Mimi."

"Fundi wa rangi?" Akaweka kijiko chini. "Fundi wa rangi amekosea rangi. Endelea, nasikia."

Nilimweleza habari ya mzee. Nilipofika kwenye mbuzi sikutumia maneno; nilijigusa kama mzee alivyojigusa, utosi, shingo, bega, kwapa, viganja kwenye mbavu. Sikuwa nimefika kwenye nyonga alipoacha kucheka. Alitamka neno moja fupi la lugha yao, na yule mteja akageuka kunitazama kana kwamba nimetaja mtu anayemjua.

"Sema tena," nikamwambia.

"Hapana, wewe sema. Daftari yako iliandika nini?"

"Doku."

"Ndiyo nini?"

"Nyeusi."

"Mafi nyeupe?" akauliza kwa Kiarabu cha Juba. "Hakuna?"

"Nyeupe ilikuwa ndogo."

"Ilikuwa ndogo." Alimfasiria mteja. Mteja akatikisa kichwa taratibu, akasema kitu. "Anauliza wewe umelelewa na nani."

"Mwambie na mama yangu."

"Anasema mama yako hakuwa na ng'ombe."

Hilo lilikuwa kweli. Aliendelea kunihoji, na mteja hakuondoka, sukari yake ikiwa mkononi. Rangi ngapi? Sita. Ile ya ng'ombe mwenye uso mweupe peke yake? Sina. Ya yule aliyemwagiwa majivu mgongoni? Sina. Ya mwekundu mwenye tumbo jeupe? Nilimwambia kwa kanuni yangu huyo ni mwekundu, kama punda milia alivyo mweusi. Alisema kwao mtoto ambaye hajaota meno yote anazijua hizo, na kwamba mtu akija kutafuta ng'ombe wake aliyepotea aseme tu mweusi, atapewa maji na kuambiwa apumzike kwanza, maana huenda ni mgonjwa.

Nikamuuliza kama amewahi kuona mbuzi wa namna hiyo sokoni.

"Iko moja," akasema.

"Iko wapi?"

"Ni yangu."

Akaanza tena kupima sukari, ingawa mteja alikuwa ameshapimiwa. Nilingoja. Alinieleza kidogo kidogo, bila mzaha. Baba yake alikuwa na dume la rangi hiyo. Yeye mwenyewe aliliacha akiwa mdogo, walipokimbia vita, na hakuliona tena, wala baba. Mwaka uliopita alimwona mbuzi yule akiletwa kuuzwa, akamnunua siku hiyohiyo. Alimwacha kwa mama mmoja Mturkana aliyekuwa akimletea kuni, achungwe pamoja na wake. Kila Jumapili baada ya kanisa anatembea kwenda kumtazama.

"Unamtazama tu?"

"Natazama. Wewe unafuga daftari, mimi sikukucheka."

"Umenicheka sana."

"Leo tu."

Sikumwomba. Nilikaa juu ya mkebe wa rangi nje ya duka, mbuzi mweusi akila karatasi miguuni pangu, nikamwambia kwamba mzee amekataa maziwa pia. Ndilo jambo pekee nililokuwa nimebaki nalo. Alitoka, akasimama akiutazama ule ukuta wa pembeni aliotaka uwe mweupe, na nikaelewa kabla hajasema.

"Unaweza kuchora ng'ombe?"

"Naweza kuchora chupa ya soda na kichwa cha mtu aliyenyolewa."

"Utachora ng'ombe. Mkubwa, kutoka hapa mpaka mlango. Nikimwona ni yeye, unakwenda na mbuzi. Huyu wako mweusi unaniachia."

Nilianza asubuhi iliyofuata. Nilichora umbo lote kwa mkaa, kisha nikafungua nyeusi na kuanza kulijaza kutoka kichwani, nikiwa nimekusudia kuujaza mwili wote kwanza na baadaye kupaka mkanda mweupe juu yake. Ndivyo ninavyofanya kibao: rangi kubwa kwanza. Nilikuwa nimepita bega alipokuja mbio kutoka ndani, mikono ina unga wa sabuni.

"Unafanya nini?"

"Napaka nyeusi."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho. Nyeupe itakuja juu."

"Haiji juu." Alikuwa ameudhika kweli. "Yeye si ng'ombe mweusi amefungwa kitambaa. Amezaliwa hivyo. Acha hapo. Usiguse hapo kabisa."

Nikaacha. Ule mweupe wa katikati ulikuwa tayari upo, ni ukuta wenyewe nilioupaka juma lililotangulia. Niliruka nikaendelea kutoka kiunoni kwenda nyuma. Baada ya hapo ilibaki kazi ya mipaka miwili, na hiyo ilichukua siku nzima, muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote za ng'ombe. Alisimama nyuma yangu akielekeza kwa kijiti. Mpaka wa mbele unapita nyuma ya kwapa, si juu ya bega. Unashuka umenyooka, halafu tumboni unarudi nyuma kidogo. Watu wa kwao waliopita walisimama, na kila mmoja alikuwa na neno.

"Pembe hiyo ni ya mbuzi," mmoja akasema.

"Mwacheni, hajawahi kuona ng'ombe. Anajua punda milia."

Habari zilikuwa zimeshaenea.

Mwanamke mmoja aliyebeba mtungi wa maji alisimama muda mrefu, akatamka lile neno fupi, akaendelea na safari. Hakuuliza ni picha ya nini. Ilikuwa mara ya tano au ya sita nalisikia, na nilitambua kwamba nilipokuwa naangalia ukuta sikuwa tena naona nyeusi na nyeupe. Nilikuwa naona kitu kimoja. Nilijaribu kuvitenganisha tena, kama mtu anayejaribu kutosoma neno analolijua, na sikuweza.

Jioni mfanyabiashara alivuka barabara, akasimama upande wa pili, akarudi. Alishika ukuta palipokuwa pakavu.

"Ni yeye," akasema. "Uso si wake. Lakini ni yeye."

Alinipeleka mwenyewe kwa yule mama wa kuni. Mbuzi alikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia, mwenye tabia mbaya, na alikuwa vilevile, kiungo kwa kiungo. Mfanyabiashara alimfunga kamba bila kumwangalia usoni.

Nilifika Kanamkemer mchana wa siku iliyofuata, mwezi ukiwa umebakisha siku moja. Mama alituona kutoka dirishani. Aliingia ndani kwa mzee na nikasikia akilitaja jina ambalo sikuwahi kumsikia akimwita. Walitoka pamoja, amemshika kiunoni. Mzee alikuwa amekonda hata shanga za shingoni zilikuwa zimeshuka. Aliketi kwenye kigoda. Nikamsogezea mbuzi.

Aliweka kidole nyuma ya kwapa la mbuzi, pale mpaka unapoanza, akaushusha polepole mpaka tumboni, ambapo unarudi nyuma kidogo. Akauzungusha upande wa pili. Kisha akaanza kuzungumza, si nasi. Mama akasema kwamba anamwambia yule ng'ombe kwa nini alimwacha.

Mwaguzi alikuja asubuhi. Mbuzi akachinjwa, na yale majani laini yaliyosagika tumboni mwake wakampaka mzee kifuani, tumboni na miguuni. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mikebe yangu. Walichoma ini kwanza. Mzee alipewa kipande, akakishika kidogo mkononi, akala. Akaomba kingine. Mama aliinuka akaenda dirishani, ingawa hakukuwa na mteja, akakaa huko kitambo.

Sikuuliza ni nini kilichomponya, kama ni kupona. Baada ya juma moja alikuwa anakula ugali.

Nilitaka lile neno la rangi ya mbuzi yule. Kwa Kiturkana linatofautiana na la Sudan Kusini, na nilifikiri kwamba kama nitavunja kanuni yangu ya kutoazima, basi niivunje kwa hilo. Nikamwomba mama amwombe mzee alitamke polepole niliandike. Waliongea kwa muda.

"Amekataa," mama akasema.

"Kwa nini?"

"Anasema hiyo ni yake. Ni jina lake na ya ng'ombe yake. Haitaki kukaa kwa kitabu yako na hizo zingine."

Nilisema sawa. Nilifunga daftari. Mzee alikuwa bado ananitazama. Hakuwa akinitazama usoni bali magotini. Nilikuwa nimevaa suruali yangu ya kazi, ambayo kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikifutia brashi, na haikuwa na rangi ambayo mtu angeweza kuitaja kuwa kubwa. Akasema kitu kifupi, na mama akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Anauliza wewe ng'ombe yako ni rangi gani."

"Mwambie sina ng'ombe."

"Amesema anajua. Amesema basi chukua ya mbuzi." Na akatamka neno ambalo kwao ni la mbuzi aliyejaa madoadoa mwili mzima, yasiyo na mpangilio. "Hiyo unaweza kuandika. Ni yako."

Mzee alirudi Nakalale kwa lori, akiwa amekaa mbele na dereva, kigoda mapajani. Mimi niliondoka Lodwar kabla ya mwaka kwisha na sijui habari zake zaidi. Nadhiri yangu niliimaliza. Kanuni niliifuta, na punda milia bado hana neno. Lakini chini ya doku, fewi, rata, lemo, suvi na gaho kuna neno la saba, ambalo sikulitunga mimi. Nililiandika palepale uani, kwa penseli, kwa sababu kalamu ilikuwa imekauka.